Msumeno wa Mnyororo Usiotaka Kutulia

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Shinyanga



Katibu wetu aliniarifu kwa barua kwamba wanachama kadha wa kadha, hapa Shinyanga na kule Geita, wamejinunulia misumeno ya mnyororo iliyokwisha kutumiwa na wengine, ambayo watu wengi huiita chenso. Kusudi lao ni jema. Mmoja ana shamba la mikaratusi linalotaka kuvunwa. Wa pili amepatana na wachimbaji wadogo wa dhahabu awakatie matimba, yaani magogo ya kutegemeza kuta za maduara yao ili udongo usiwafukie. Wa tatu ataka kuikodisha mashine yake kwa majirani, ili mshahara upate ndugu wa kuusaidia. Walakini malalamiko yao wote ni mamoja: msumeno wawaka, lakini hautulii. Mkono ukiachia eksileta, ama injini huzimika, ama hupanda na kushuka kama mtu mwenye homa, ama mnyororo huendelea kuzunguka ilhali hakuna aliyeuamuru. Mafundi wa mjini husema kwamba mashine kama hiyo haikai sailensi.

Neno langu la leo ni moja, nami nitalisema mapema ili msichoke kulingoja. Skrubu ya sailensi si dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, bali ni ya mwisho. Sisi ni watu wa vitabu vya hesabu. Mwisho wa mwezi, fedha iliyomo sandukuni isipolingana na iliyoandikwa daftarini, kuna njia mbili za kuondoa tofauti. Njia moja ni kurudi ukurasa kwa ukurasa mpaka kosa lionekane. Njia ya pili ni kuandika tarakimu ya kulinganisha, ukafunga kitabu ukaenda zako. Njia hii ya pili ni nyepesi siku ile, bali mkaguzi akija, mwenye kuandika ataitwa. Kukaza skrubu ya sailensi kabla ya kuujua ugonjwa ni kuandika tarakimu ya kulinganisha. Na mkaguzi wa msumeno haji na kalamu, huja na meno.

Yafaa nieleze kwanza kwa nini jambo hili ni la hatari. Ndani ya msumeno, kati ya injini na mnyororo, pana klachi yenye viatu vidogo vilivyoshikwa kwa springi. Injini ikienda taratibu, springi huvizuia viatu, na mnyororo husimama. Injini ikienda mbio, viatu hutawanyika, hushika bakuli la klachi, na mnyororo hukimbia. Misumeno mingi hutulia kwa mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, na klachi huanza kushika juu kidogo ya hapo. Basi nafasi baina ya kutulia na kukata ni ndogo. Mtu ambaye msumeno wake huzimika mara kwa mara, akaikaza skrubu ya sailensi ili usizimike, huipandisha injini mpaka kwenye mlango wa klachi. Tangu hapo hana msumeno unaotulia. Ana msumeno unaokata muda wote. Atauteremsha ubavuni ili ahamishe tawi, au atapiga hatua moja katika majani marefu, na mnyororo utakuwa ukimpitia karibu na goti. Kwa kasi yake yote mnyororo hukimbia yapata mita 20 kwa sekunde, lakini hata ukizunguka polepole wapasua suruali na nyama iliyo ndani yake. Kutoka machimboni hadi hospitali si mwendo mfupi, na damu haingoji gari.

Sasa natuitazame injini yenyewe. Misumeno ya petroli ya kwanza ilitengenezwa Ujerumani, na Emil Lerp mwaka 1927 na Andreas Stihl mwaka 1929. Ilikuwa mizito, ikachukuliwa na watu wawili. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilienea kabureta ya namna nyingine, isiyotumia boya lielealo katika kibakuli cha mafuta, bali kiwambo chembamba kilichowambwa mfano wa ngozi ya ngoma. Kwa sababu hiyo msumeno wa leo waweza kulazwa ubavu, hata kuinamishwa kichwa chini, nao usizimike. Ndani ya kabureta hiyo mna viwambo viwili: kimoja huvuta mafuta kutoka tangini kwa nguvu ya pumzi za injini yenyewe, cha pili hupima mafuta yaingiayo. Injini inapotulia, mafuta hupita katika vitundu vidogo mno. Ndiyo sababu kidonge kidogo cha uchafu, ambacho injini ikienda mbio hakiidhuru, huidhuru vibaya inapotakiwa kukaa kimya. Kutulia ndiko mtihani mgumu wa injini, wala si kukimbia.

Nitawapangia uchunguzi kwa taratibu, tukianza na vitu visivyo na gharama. Tafadhali msiruke hatua.

La kwanza, hakikisheni kwamba injini ina uhai. Injini ikiwa imezimwa na kofia ya plagi imechomolewa, shikeni mpini wa kamba ya kuwashia na kuuacha msumeno uning'inie kwa kamba hiyo. Ukishuka kwa kusitasita, shinikizo lipo. Ukianguka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi au silinda zimekwisha, na skrubu zote za duniani hazitaiponya. Kisha fungueni eksozi, mchungulie pistoni kwa kurunzi. Pistoni njema ni laini ubavuni. Mkiona mikwaruzo ya kusimama wima, jueni kwamba imepata kukaukiwa na mafuta, na kwamba ugonjwa ulioiletea mikwaruzo hiyo yamkini ungali ndani.

La pili ni chujio la hewa. Katika nchi yetu ya vumbi, hasa miezi ya kiangazi, chujio huziba kwa siku moja ya kazi. Likiziba, hewa hupungua, mafuta huzidi, na injini hulewa na kuzimika. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa, kisha lirudishwe. Wala msiwashe injini bila chujio eti kwa kujaribu tu, kwa kuwa vumbi la hapa hula silinda kama tupa.

La tatu ni mafuta. Injini hii haina oili yake ya pembeni. Oili yake ni ile iliyochanganywa na petroli. Kwa oili njema ya injini za namna hii, kipimo cha watengenezaji wengi wa sasa ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20 katika lita moja ya petroli. Kwa oili isiyo ya daraja hiyo, wengine huagiza 1 kwa 25, yaani mililita 40. Someni kitabu cha mashine yenu. Petroli iliyokwisha kuchanganywa isikae zaidi ya mwezi mmoja, na ile mliyouziwa pamoja na msumeno imwagwe mahali pa salama. Petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia, ambayo hamjui imechanganywa na nini, msiiamini.

La nne ni pumzi ya tangi. Tangi lina tundu dogo liingizalo hewa badala ya mafuta yanayotoka. Tundu hilo likiziba kwa tope, msumeno hufanya kazi kwa dakika chache, kisha hudhoofu na kuzimika. Fungueni kifuniko cha tangi mara tu unapozimika, lakini mbali na moto wowote. Mkisikia hewa ikiingia kwa mlio, kisha injini ikawaka vizuri, mwizi amekwisha kukamatwa.

La tano ni mpira wa mafuta na chujio lililo ndani ya tangi. Livuteni kwa waya uliopindwa ncha. Likiwa jeusi na gumu, libadilishwe. Mpira nao upindwe kwa vidole. Ukionyesha nyufa, huingiza hewa pamoja na mafuta, na injini hupanda na kushuka. Dalili yake kubwa ni hii: msumeno hutulia ukilala hivi, na huzimika ukigeuzwa ubavu wa pili.

La sita ni plagi. Nafasi ya cheche katika misumeno mingi ni nusu milimita. Plagi nyeusi iliyolowa yasema kwamba mafuta ni mengi mno au hewa ni haba. Nyeupe kama chokaa yasema kwamba mafuta ni haba na injini yaungua. Ya rangi ya kahawia yasema kwamba mambo ni sawa. Plagi ni kama cheti cha daktari: isomeni kabla ya kuitupa.

La saba ndilo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hewa ya wizi. Kati ya kabureta na silinda pana kiungo cha mpira, na katika ncha mbili za kranki pana sili. Vitu hivi huzeeka kwa joto hata kama mashine imekaa stoo tu. Vikipasuka, hewa isiyopimwa huingia. Mafuta huwa haba kwa hewa ile, na kwa kuwa oili imo katika petroli, oili nayo hupungua. Hapo injini hupanda yenyewe bila kuguswa, au mkiachia eksileta hukawia kushuka, kana kwamba haikusikia amri. Mtu asiyejua hufurahi, akisema kwamba mashine ina nguvu. Kumbe yaungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kiungo hiki cha mpira, ambacho ni kipuri kidogo, huishia katika kununua pistoni na silinda mpya.

Kuutafuta ufa huo, wako watu wanyunyizao petroli juu ya injini inayowaka. Jambo hilo ni la kuteketeza mtu na nyumba, msilifanye. Chukueni maji mazito ya sabuni, mpake kidogo kwa brashi pale mnapoweza kupafikia kwa usalama, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Mlio wa injini ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, ndipo palipo na ufa. Kwa sili za kranki, shikeni gurudumu la sumaku injini ikiwa imezimwa, mlitikise juu na chini. Likicheza, beringi imekwisha na sili haiwezi kuziba. Fundi mwenye pampu ya kupimia shinikizo atathibitisha kwa dakika chache, na ujira wake ni mdogo kuliko silinda.

La nane ni kabureta yenyewe. Ikiwa yote yaliyotangulia ni mazima, ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, kila kitu kipangwe kwa utaratibu kilivyotoka. Kiwambo kizima ni laini. Kilichokakamaa, ambacho hutoa mlio kama karatasi, hakipimi tena. Viwambo na gasketi zake huuzwa pamoja katika pakiti moja, mradi mnukuu namba iliyochorwa juu ya kabureta. Vitundu visafishwe kwa dawa ya kusafishia na kwa hewa. Msivichokoe kwa waya wala kwa sindano, kwani tundu likipanuka hata kwa unywele halipimi tena.

La tisa ni klachi. Ikiwa injini yatulia kwa sauti ya chini kabisa na mnyororo ungali unazunguka, kosa si la kabureta. Springi ya klachi imekatika au imelegea. Ibadilishwe kabla mashine haijakata mti hata mmoja.

Hapo ndipo ruhusa ya kushika bisibisi inapopatikana. Misumeno mingi ina skrubu tatu. Ile yenye herufi L hupima mafuta ya mwendo wa taratibu, yenye H hupima ya mwendo wa kasi, na ya tatu, yenye T au LA, ndiyo ya sailensi, nayo haipimi mafuta bali huzuia tu mlango wa hewa usifunge kabisa. Baadhi ya misumeno mipya hujipima kwa umeme wake, haina L wala H, nayo iachwe kwa fundi wake. Washeni injini mpaka ipate moto, mnyororo ukiwa umekazwa kwa kadiri na mahali pakiwa wazi. Geuzeni L kidogo kidogo kulia na kushoto mpaka mpate mahali ambapo injini yaenda upesi zaidi, kisha ifungueni kidogo, yapata sehemu moja ya nane ya mzunguko, ili mafuta yawe na ziada ndogo. Pigeni resi: injini ikisita kabla ya kupanda, L ingali haba. Sasa tu, kwa skrubu ya sailensi, ishusheni injini mpaka mnyororo usimame kabisa, kisha ishusheni kidogo tena, ili pawe na akiba. Skrubu ya H msiiguse bila kipimo cha mizunguko, maana kuikaza ni kuiua injini kwa ukavu.

Jaribio la mwisho ni hili. Uacheni msumeno utulie dakika nzima. Ulazeni kushoto, kisha kulia, kisha ncha chini. Pigeni resi mara tatu na kuachia. Ikiwa injini haizimiki, na kila mara mnyororo husimama mara moja, hesabu zimelingana.

Liko jambo moja zaidi lihusulo nchi yetu. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Msumeno uliopimwa Dar es Salaam au Tanga, ukiletwa huku, hupata mafuta yale yale kwa hewa pungufu. Utatoa moshi, plagi itakuwa nyeusi, na kutulia kutakuwa kwa kigugumizi, ijapokuwa hauna ugonjwa wowote. Dawa yake ni kuupima upya. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: msumeno uliopimwa Geita ukiuzwa pwani bila kupimwa, utakwenda na mafuta haba na kuungua. Mwenye kuuza amwambie mnunuzi.

Kwa wale wasionunua bado, shauri langu ni fupi. Msikubali kuonyeshwa msumeno uliokwisha kupashwa moto kabla hamjafika. Utakeni ukiwa baridi, muuwashe wenyewe, na mwombe eksozi ifunguliwe. Kisha itazameni skrubu ya sailensi. Ikiwa imekazwa mpaka ndani, jueni kwamba mwenyewe alikuwa akificha jambo. Rahisi huvunja upishi, na bei ya msumeno iongezeni viwambo, mipira, plagi na ujira wa fundi kabla ya kusema kwamba ni rahisi. Tena msiuwashe kamwe ndani ya duara wala karibu na mdomo wake, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu walio chini pasipo kelele. Matimba yakatwe mbali, yashushwe yakiwa tayari.

Mwisho, msumeno ukiisha kutulia, mwenyewe naye atulie. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vingi vya Shinyanga vilikatwa kwa shoka na mapanga ili kuwafukuza mbung'o, na nchi ikabaki tupu mno. Tangu mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kushirikiana na wenyeji walioijua desturi yao ya ngitili, ilirudisha miti mahali pengi. Kilichokatwa kwa shoka kwa mwezi, mnyororo hukikata kwa siku. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kwa miti ya hifadhi za serikali. Basi kuwa na mashine si kuwa na ruhusa. Mtumishi wa serikali akikamatwa na gogo lisilo na kibali, aibu haitakuwa yake peke yake.

Bwana Mwenyekiti, nimewachosha kwa mambo ya skrubu na mipira. Lakini naona kwamba kumi kati yetu wakirudi nyumbani wakaitazama mashine zao kwa utaratibu huu kabla ya kushika bisibisi, pengine mguu wa mtu mmoja utasalimika, naye hatajua kamwe kwamba ulikuwa hatarini. Wenye misumeno yao nje na wayalete magonjwa yake baada ya mkutano, tuyatazame pamoja.